Ndoo Mbili Zashinda Bomba la Presha

Mwenye gari wa Kampala akionekana uani kwake Jumamosi asubuhi, suruali imekunjwa hadi magotini, akisugua rimu za Premio yake kwa mkono wake mwenyewe, majirani huwa na tafsiri mbili tu: ama ameishiwa, ama ni bahili. Watu wa hadhi yake hupeleka gari washing bei, huketi kwenye kiti cha plastiki na soda mkononi, na baada ya nusu saa hukabidhiwa gari linalong'aa. Maoni haya yameenea kutoka Ntinda hadi Kansanga, kutoka Najjera hadi Makindye. Wanaoyashikilia ni watu waliosoma na wanaojua hesabu, na ndiyo maana yanastahili kujibiwa kwa kina: kila wiki watu hao hulipa ili rangi ya gari lao ikwaruzwe, na ili ziwa linalowapa maji ya kunywa lipokee povu na grisi.

Kwanza maoni yenyewe yaelezwe kwa haki, kama wenyewe wanavyoyaeleza. Wanasema kuosha gari ni kazi inayotaka mashine na mkono uliozoea, kwa hiyo anayeanza ataharibu rangi. Wanasema nyumbani maji hupotea bure. Wanasema miji ya Ulaya imekwisha kuwakataza watu kuosha magari majumbani, na Kampala haina sababu ya kurudi nyuma. Wanasema vijana wa washing bei wanahitaji riziki, na kila ndoo inayojazwa nyumbani humnyima mmoja wao mlo. Na kuna hoja ya tano, ambayo husemwa kwa macho zaidi kuliko kwa mdomo, kwamba mtu aliyefikia kumiliki gari hapaswi kuonekana ameshika kitambaa.

1. Kwamba anayeanza ataharibu rangi

Rangi inaharibiwa kweli, ila wanaoiharibu ni wazoefu.

Rangi ya gari ina tabaka kadhaa juu ya bati. La juu kabisa halina rangi: mafundi wa kupiga rangi huliita klia, na ndilo linalozuia jua na kuleta mng'ao. Katika gari lililotoka kiwandani, klia huwa na unene wa mikroni 40 hadi 50 hivi, yaani takriban nusu ya unene wa karatasi ya kuchapia. Jua la Kampala, jiji lililo jirani kabisa na ikweta na kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi, huishambulia klia hiyo mwaka mzima. Tena magari mengi ya Kampala hayakuja mapya. Sheria iliyoanza kutumika mwaka 2018 ilizuia kuingiza gari lililozidi miaka 15, lakini lenye miaka 10 au 12 bado linaingia kwa kulipiwa ushuru wa mazingira. Klia yake imekwisha kula umri kabla ya kupanda meli, na iliyobaki si ya kuchezea.

Kisha kuna vumbi. Vumbi jekundu la barabara za marram za Kira, Kyaliwajjala au Bweyogerere lina chembe za kwatzi, madini ambayo katika kipimo cha ugumu cha Mohs yako daraja la 7, wakati chuma cha kisu cha kawaida kiko kwenye 5.5 hivi. Chembe hiyo ikikaa tu juu ya boneti haina dhara. Ikikandamizwa na kitambaa na kuvutwa, inachora. Kwa hiyo swali zima la kuosha gari, kwa mwanafunzi na kwa fundi, ni moja: chembe ziondokeje bila kuburutwa?

Washing bei ya kawaida hulijibu swali hilo vibaya. Bomba la presha huondoa tope kubwa, na hapo ndipo uangalifu unapoishia. Inafuata ndoo moja na kitambaa kimoja, mara nyingi fulana kuukuu yenye mishono yake. Kitambaa hicho husugua rimu zilizojaa unga wa breki, hupita kwenye vizingiti vya milango vyenye mchanga, kisha hupanda kwenye boneti. Maji ya ndoo hiyohiyo yamekwisha kuosha Hiace ya abiria na gari la mzigo lililotoka kubeba matofali. Kijana anayefanya hivyo hana nia mbaya. Analipwa kwa gari, foleni ya Jumamosi ni ndefu, na kusuuza kitambaa kila mara kunamlia dakika zake. Sabuni nayo ni ile ya unga ya kufulia, ambayo wengi huiita omo bila kujali imetengenezwa na nani. Imeundwa kutoa madoa kwenye nguo. Ukali wake wa alikali, wenye pH ya 10 hivi, huondoa pia nta iliyokuwa ikiikinga klia. Shampuu ya gari huwa karibu na pH 7. Baada ya miezi kadhaa ya huduma ya namna hiyo, gari jeusi likisimama usiku chini ya taa za kituo cha mafuta huonyesha mikwaruzo myembamba inayoizunguka kila nuru. Mwenyewe hudhani ni uzee.

Boneti ikifunguliwa mambo huwa mabaya zaidi. Injini nyingi za Toyota zilizojaa Kampala, zile za VVT-i, zina koili iliyokaa juu ya kila plagi, ndani ya shimo lake. Maji ya presha yakiingia humo, gari huanza kukosa moto na kutetemeka njiani kurudi nyumbani, na siku ya pili mwenyewe yuko kwenye soko la vipuri la Kisekka akitafuta koili nyingine, wakati ile ya zamani ilihitaji kukaushwa tu. Chini ya gari hupuliziwa dizeli ili paonekane peusi na papya. Dizeli hiyo huvimbisha na kulegeza mpira wa bushi, na vumbi la kesho hunata juu yake. Ndani, mazulia huloweshwa kwa povu na kurudishwa mahali pake yakiwa na unyevu; katika miezi ya mvua, Machi hadi Mei, gari linaanza kunuka uvundo kabla wiki haijaisha. Dashibodi hupakwa mafuta ya kung'arisha, na dereva huendesha akitazama kivuli chake kwenye kioo cha mbele kila jua linapopiga.

Sasa atazamwe anayeanza.

Mtu ambaye hajawahi kuosha gari maishani anahitaji ndoo mbili, moja ya maji ya shampuu na moja ya maji matupu ya kusuuzia. Glavu laini ya kuoshea bodi. Kitambaa cha rangi tofauti kwa ajili ya rimu, ili kisije kikachanganywa. Na vitambaa viwili vitatu vya maikrofaiba vya kukaushia. Gari huwekwa kivulini, bati likiwa limepoa, asubuhi na mapema au jioni. Humwagiwa maji kwanza, kutoka paani kushuka, na kuachwa dakika chache tope lilainike. Glavu huchovywa kwenye shampuu, hupitishwa kwenye sehemu moja kwa mstari ulionyooka bila kukandamizwa, huoshwa kwenye ndoo ya pili, hukamuliwa, ndipo hurudi kwenye shampuu. Paa hutangulia, kisha vioo, boneti na sehemu ya juu ya milango. Sehemu za chini na bampa la nyuma hungoja mwisho kwa sababu ndiko mchanga uliko. Rimu zina maji yake. Gari likishasuuzwa hukaushwa papo hapo, kitambaa kikilazwa na kuvutwa taratibu, maana matone yakikaukia juani huacha madoa.

Hayo yote mtu huyajua ndani ya asubuhi moja. Kinachotakiwa ni mkono usio na haraka, na mwenye gari moja anao, wakati kijana mwenye foleni hana. Anayeanza atakosea, hilo ni hakika. Atasahau kizingiti, ataacha povu pembeni mwa kioo, atatumia saa moja na nusu pale mwenzake anapotumia nusu saa. Makosa hayo hayachori rangi.

Liko kosa moja la nyumbani linaloshinda ubaya wa washing bei, nalo hufanywa na wale wasioosha: kupangusa vumbi kavu. Kila asubuhi, kwenye mageti ya Bukoto na Muyenga, askari au kijana wa shamba hupitisha kitambaa kikavu mwili mzima wa gari ili bosi atoke likiwa safi. Hakuna maji ya kuinua chembe wala povu la kuzitelezesha. Mwenye gari akilipa washing bei Jumamosi na kuruhusu kitambaa kikavu Jumatatu hadi Ijumaa, rangi yake haipumziki hata siku moja. Afadhali vumbi likae.

Halafu kuna suala la wakati, ambalo hakuna washing bei inayoweza kulitatua hata ikinunua vitambaa bora kuliko vyote. Kampala ni jiji la karoli, wale korongo wakubwa wenye kipara wanaokula majalalani na kulala juu ya miti na mapaa ya majengo. Kinyesi chao kina asidi, na wingi wake si wa njiwa. Kikidondokea boneti asubuhi na jua la adhuhuri likakikuta hapo, klia hupata moto, huvimba kidogo, na jioni ikipoa kinyesi kimekwisha kuacha alama yake ndani. Wadudu wa ziwani wanaonata kwenye bampa katika barabara ya Entebbe, na senene wa Novemba katika barabara ya Masaka, hufanya vivyo hivyo kwa mwendo wa polepole. Dawa ni chupa ya kupulizia yenye maji na shampuu kidogo, kitambaa cha maikrofaiba kilicholowa, na dakika tano za siku hiyohiyo: doa hulowekwa kwanza mpaka lilegee, kisha huinuliwa bila kusuguliwa. Anayengojea Jumamosi amekwisha kuchelewa.

2. Kwamba nyumbani maji hupotea

Hoja hii ni ya kweli kwa mtu mmoja tu, yule anayefungulia mpira wa bustani na kuuacha ukitiririka huku akizungumza na simu. Mpira hutoa lita 15 hivi kwa dakika. Dakika 20 ni lita 300, na bili ya Shirika la Taifa la Maji na Maji Taka, NWSC, humfundisha mwenyewe mwisho wa mwezi. Lakini njia ya ndoo mbili haihitaji mpira. Ndoo mbili za lita 15 ni lita 30. Jerikeni moja ya kulainishia tope na nyingine ya kusuuzia ni lita 40. Jumla ni lita 70. Mashine ya presha ya kibiashara, inayotoa lita 10 hadi 15 kwa dakika, huzimaliza lita hizo ndani ya dakika saba, na bado ndoo ya povu haijahesabiwa.

Tena Kampala ni jiji la mvua. Hupata zaidi ya milimita 1,200 kwa mwaka, na nyingi huanguka kati ya Machi na Mei na kati ya Septemba na Novemba. Mvua moja ya milimita 10 juu ya paa la bati la mita 50 za mraba huleta lita 500, kiasi cha kuosha gari mara saba. Maji hayo hayana chumvichumvi za kisima, kwa hiyo hata madoa ya kukaukia hupungua. Wenye nyumba wengi wa Kampala huyaacha yaporomoke kutoka kwenye bati hadi barabarani, kisha siku ya pili hulipia mengine yaliyosafirishwa kwa bomba kutoka ziwani.

Wapo wasio na ua kabisa, wapangaji wa mizigo, yaani nyumba za chumba kimoja au viwili, ambao huegesha gari pembeni mwa njia. Nao wasiambiwe kwamba hawana njia. Zipo sabuni za kuoshea bila kusuuza, ambazo kifuniko kimoja cha chupa huchanganywa na nusu ya ndoo. Vitambaa kadhaa huloweshwa humo, kila kimoja hukunjwa ili kitoe pande nane safi, na upande uliotumika haurudi tena kwenye rangi. Gari lenye vumbi la kawaida halimalizi lita 10. Lenye tope zito lisioshwe hivyo. Hilo linahitaji maji ya kumwaga kwanza.

3. Kwamba Ulaya wamekataza

Ni kweli. Katika miji mingi ya Ujerumani, na Uswisi pia, kuosha gari barabarani au kwenye sakafu ya saruji ya nyumbani kumekatazwa au kumewekewa masharti makali. Sababu ni kwamba mifereji ya mvua ya barabarani mara nyingi huelekea moja kwa moja mtoni, wakati kituo cha kuoshea magari kina kichujio cha kutenga mafuta na bomba linalopeleka maji kwenye mtambo wa kusafishia. Sheria ya huko inalinda mto. Inalielekeza gari mahali ambapo maji machafu yana pa kwenda.

Wanaoileta sheria hiyo Kampala huacha bomba nyuma. Mtandao wa maji taka wa Kampala unafika sehemu ndogo tu ya jiji. Wakazi wengi hutegemea vyoo vya shimo na matangi. Washing bei iliyo pembeni mwa barabara humwaga maji yake kwenye mfereji wa wazi, na iliyo bondeni huyamwaga kinamasini. Kutoka hapo safari inajulikana. Mfereji wa Nakivubo hupita kando ya soko la Owino, hupita Clock Tower, hukata eneo la viwanda, hupita Namuwongo, huingia katika kinamasi na kuishia kwenye Ghuba ya Ndani ya Murchison, Ziwa Victoria. Mitambo ya Ggaba, inayosafisha maji ya kunywa ya Kampala, huvuta maji kutoka ghuba hiyohiyo. Upande wa kaskazini, yanayomwagwa Kalerwe na Bwaise hushuka Lubigi kuelekea Mto Mayanja.

Kinamasi cha Nakivubo kilikuwa kikifanya kazi ambayo hakuna aliyekilipa. Mwaka 1999 Lucy Emerton na wenzake walikadiria kwamba kazi yake ya kusafisha maji peke yake ilikuwa na thamani ya hadi dola milioni 1.75 za Marekani kwa mwaka. Tangu hapo kimeliwa na magimbi, miwa na majengo, huku mzigo unaoshushwa humo ukiongezeka. NWSC ililazimika kutumia dawa zaidi kusafisha maji ya Ggaba, na katika miaka ya karibuni ikajenga mtambo mpya mbali, Katosi wilayani Mukono, wenye uwezo wa lita milioni 160 kwa siku. Jiji linakua na lilihitaji maji zaidi, lakini kuchafuka kwa Ghuba ya Murchison ni sehemu ya sababu ya kwenda mbali kiasi hicho. Gharama hiyo haionekani kwenye ubao wa bei wa washing bei. Inaonekana kwenye bili ya maji ya kila mtu, pamoja na mama wa Bwaise anayenunua jerikeni moja moja na hajawahi kumiliki gari.

Wala si kwamba nchi haina sheria. Kanuni za Uganda za mwaka 1999 kuhusu maji machafu ziliweka kikomo cha mafuta na grisi kuwa miligramu 10 kwa lita, na Sheria ya Taifa ya Mazingira ya mwaka 2019 ikaongeza nguvu za NEMA, mamlaka ya mazingira. Kikomo hicho kikitafsiriwa kwa gari moja linalooshwa kwa lita 150, ni gramu moja na nusu ya mafuta, yaani chini ya nusu ya kijiko cha chai. Uvunguni mwa Hiace moja iliyopuliziwa dizeli kuna zaidi ya hiyo. Bila tangi la kutenga mafuta, hakuna washing bei inayoweza kutii, na nyingi hazina tangi.

Nyumbani nako si peponi. Ua uliotandazwa pevingi kote, wenye mteremko hadi kwenye mfereji wa barabara, hufanya kosa lilelile kwa kiasi kidogo, na anayeosha injini yake uani kwa mafuta ya taa anafanya kosa kubwa. Lakini marekebisho yako mikononi mwa mwenye nyumba. Gari husogezwa kwenye majani au kwenye udongo wenye changarawe, mbali na chemchemi na kisima. Maji ya ndoo humwagwa kwenye majani, yakazama polepole, na vijidudu vya udongo vikashughulika na kile kidogo cha shampuu. Grisi na mafuta ya injini huachiwa gereji yenye pipa la kuyakusanyia. Lita 70 kwenye majani, mara moja kwa wiki mbili, udongo unazimudu. Foleni nzima ya magari kwenye mfereji mmoja, kutwa nzima, siku saba kwa wiki, haimudiki.

4. Kwamba vijana wanahitaji riziki

Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote, kwa sababu inahusu watu, na haijibiwi kwa kupuuzwa. Vijana wengi wa Kampala huanza maisha kwa ndoo na kitambaa. Swali ni riziki ya namna gani, na inamgharimu nani.

Kisumu, ng'ambo ya pili ya ziwa hilihili, wanaume walizoea kuingiza magari majini ufukweni na kuyaosha wakiwa wamesimama ziwani. Miguu yao ilikuwa majini kutwa, mahali wanapoishi konokono wanaobeba kichocho. Watafiti wa taasisi ya KEMRI ya Kenya na wa CDC ya Marekani, Diana Karanja akiwa miongoni mwao, waliwafuatilia waosha magari hao kwa miaka kadhaa na mwaka 2002 wakachapisha matokeo katika jarida la Lancet. Wanaume hao walitibiwa kwa dawa ya prazikwanteli, wakarudi kazini, na wengi wakaambukizwa tena na tena. Baadhi yao tu walijenga kinga polepole baada ya kutibiwa mara nyingi. Sayansi ilifaidika na mateso yao kwa sababu walikuwa watu wazima walioingia kwenye maji yale kwa uhakika. Hiyo ndiyo bei ya riziki ambayo mteja hakuiona alipokuwa akingoja ufunguo wake.

Kijana wa Kampala mara nyingi hasimami ziwani. Anasimama kwenye dimbwi la povu na grisi, kandambili miguuni, mikono mitupu ndani ya sabuni ya unga tangu asubuhi, na ngozi ya vidole inapasuka. Hulipwa kwa gari, na sehemu ya pesa hubaki kwa mwenye eneo. Mvua ikishinda, magari hayaji na malipo hayapo. Mteja anayeitaja riziki yake kwa huruma akiwa sebuleni, mara nyingi ndiye huyohuyo anayebishania shilingi 2,000 akifika pale. Na kasi inayoharibu rangi ya gari lake inatokana na bei hiyo: kwa malipo madogo kwa kila gari, kijana hana njia ya kuishi ila kuharakisha.

Anayejua kuosha gari lake mwenyewe hamfungii kijana mlango. Humfungulia mwingine. Kuna kazi ambazo anayeanza hapaswi kuzigusa mapema: kupiga polishi kwa mashine, ambayo kila inapopita huondoa mikroni moja au mbili za ile klia isiyorudi, kusafisha taa za mbele zilizogeuka njano kwa jua, kwa msasa wa maji wa namba kubwa na kuzipaka kinga upya, kutoa viti vya kitambaa na kuviosha mpaka ndani. Hizo ni kazi za ufundi, za nusu siku au siku nzima, na hulipwa kwa maelfu mengi. Mteja ambaye mikono yake imewahi kushika glavu anaweza kutambua kazi hiyo ikifanywa vizuri na kukubali kuilipa. Mteja asiyejua hupima kila kitu kwa mng'ao wa dakika ya kwanza, na mng'ao wa dakika ya kwanza hupatikana hata kwa mafuta. Soko la mafundi bora haliwezi kuota mahali ambapo wanunuzi hawajui tofauti.

5. Kwamba mwenye gari haoshi gari

Hoja hii husemwa kidogo na ndiyo inayotawala. Hujipinga yenyewe siku gari linaponunuliwa.

Mnunuzi anayefika kwenye bondi za magari za Nakawa au Lugogo hudai kwanza karatasi ya mnada ya Japani. Huisoma kwa makini. A1 ni mkwaruzo mdogo, U1 ni kibonyeo kidogo, W ni mahali palipokarabatiwa. Hubishana kwa saa nzima juu ya A1 iliyo kwenye mlango wa nyuma, huzunguka gari mara kadhaa, huinama kutazama bati kwa pembeni, na yuko tayari kuongeza shilingi milioni moja au mbili ili apate lenye karatasi safi. Siku hiyo rangi ina thamani, na kuinama karibu na gari si aibu.

Ufunguo ukishakuwa wake, hukabidhi rangi hiyohiyo kwa fulana yenye mchanga. Akilipa shilingi 15,000 kwa wiki, ni 780,000 kwa mwaka. Ndoo, glavu, vitambaa, shampuu na kopo la nta hurudisha gharama yao ndani ya miezi michache ya kwanza, na kopo la nta linalopakwa kila baada ya miezi mitatu huendelea kwa muda mrefu. Miaka mitatu ikipita, akitaka kuuza, mnunuzi mwingine atafika naye na macho yaleyale. Ataomba gari litolewe kivulini, ataitazama boneti juani, na kabla hajauliza habari za injini atakuwa amekwisha kuanza kushusha bei.